Bwana Dag Hammarskjöld na Askari wa Port Said

Pamoja na habari za maaskofu na waalimu wetu, tumependa kutia katika kijitabu hiki maisha ya Mkristo mmoja aliyetumikia katika mambo ya mataifa, naye ni Bwana Dag Hammarskjöld. Alizaliwa Jönköping katika nchi ya Uswidi, tarehe 29 Julai 1905. Baba yake alipata kuwa waziri mkuu wa nchi ile, na mama yake alikuwa mwanamke mcha Mungu sana. Mwezi wa Aprili 1953 akachaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Kazi yake iliyo kubwa ilianza katika bandari ya Port Said, penye mlango wa Mfereji wa Suez. Wazee wetu waliusikia sana mji huo, maana merikebu nyingi zilizoleta wamisionari Unguja na Mombasa zilipita hapo. Waingereza waliingia Misri kwa nguvu mwaka 1882, na askari wao wa mwisho wakatoka Juni 1956. Mwezi uliofuata Rais Nasser akaitwaa kampani ya mfereji iwe mali ya taifa. Hata mwisho wa Oktoba Waisraeli wakaingia Sinai, na mwanzo wa Novemba Waingereza na Wafaransa wakaupiga Port Said kwa ndege na manowari, wakashusha askari wao. Wenyeji wengi wakafa, na nyumba zikateketea.

Bwana Lester Pearson wa Kanada akatoa shauri la kuweka jeshi la amani, na Baraza Kuu likampa Bwana Hammarskjöld saa 48 tu kuleta mpango wake. Jeshi la namna hii halikuwapo bado duniani. Akaagiza kwamba mataifa makubwa yasitoe askari, wala askari wasipige bunduki ila kwa kujilinda, tena wasiingie pasipo ridhaa ya Misri. Likabaki jambo dogo ambalo lingaliweza kuwaua: mavazi ya baadhi yao yalifanana na ya Waingereza. Basi zikatwaliwa kofia ngumu za Wamarekani, zikapakwa rangi ya samawati, wajulikane kwa mbali. Mwezi ule ule wa Novemba wakaingia Port Said, wakasimama katikati ya wageni wenye silaha na wenyeji wenye uchungu. Tarehe 22 Desemba Waingereza na Wafaransa wakaondoka wote. Merikebu zilizozamishwa mferejini zikaondolewa, na Aprili 1957 njia ikafunguliwa tena.

Huko Kongo mambo hayakwenda hivyo. Nchi ile ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na baada ya siku chache askari wake wakaasi. Jeshi la Umoja wa Mataifa likaja, na vifaa vyake vilishushwa katika bandari ya Matadi, vikapandishwa kwa reli mpaka Leopoldville. Mwezi wa Machi 1961 askari wa Kongo wakawashambulia Wasudani wachache waliowekwa bandarini, hata ikabidi waondoke. Palipokosekana ridhaa, kofia ya samawati haikumkinga mtu. Wako pia waliomlaumu Bwana Hammarskjöld kwa kifo cha Bwana Lumumba, na Warusi wakamtaka ajiuzulu, naye akakataa. Sisi hatuthubutu kusema kwamba lawama zote zilikuwa za bure. Lakini hatujapata kusikia kwamba alitafuta faida yake mwenyewe.

Tarehe 17 Septemba 1961 alipanda ndege kwenda kuonana na Bwana Tshombe wa Katanga, ili vita vikome. Ndege ikaanguka karibu na Ndola, na watu wote 16 wakafa, mmoja wao baada ya siku chache. Sababu yake inabishaniwa hata leo. Alizikwa Uppsala, mji aliokulia. Katika chumba alichokilala Leopoldville kilikutwa kitabu cha Thomas a Kempis cha kumfuata Kristo, na ndani yake, kuwa alama ya ukurasa, karatasi yenye kiapo cha kazi yake.