SVANTE ARRHENIUS, BINGWA WA MAJI YA CHUMVI

Najua wapo watakaouliza kemia imeingiaje katika jarida la Kiswahili. Basi tulieni niwasimulie. Habari yenyewe ni ya chumvi, ingawa mimi sitaitia chumvi.

Svante Arrhenius alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 huko Vik, karibu na mji wa Uppsala, nchini Uswidi. Inasemekana alijifunza kusoma peke yake akiwa na miaka 3 tu! Alisoma Chuo Kikuu cha Uppsala lakini hakuridhika, na mwaka wa 1881 akahamia Stockholm kufanya utafiti chini ya Profesa Erik Edlund.

Swali lililomkera ni hili. Chumvi kavu haipitishi umeme, na maji safi hupitisha kidogo mno. Mbona vikichanganywa umeme unapita? Wengi zama zile waliamini kuwa umeme wenyewe ndio unaoivunja chumvi.

Mwaka wa 1884 alitoa tasnifu juu ya jambo hilo. Weee! Wakubwa wake pale Uppsala wakampa alama za chini, za kupita tu, zisizotosha kumpatia kazi ya kufundisha chuoni. Hakukata tamaa. Alituma nakala kwa mabingwa wa nchi nyingine, na mmoja wao, Wilhelm Ostwald wa Riga, alifunga safari mwaka huohuo kwenda kumwona na kumpa nafasi ya kazi.

Mwaka wa 1887 akalieleza wazo lake waziwazi: chumvi huvunjika mara inapoyeyuka, hata kabla ya umeme kupitishwa. Vipande hivyo vyenye chaji ni ayoni, na kitu kinachotoa ayoni majini huitwa elektroliti. Wengi walipinga. Sodiamu huruka na kuwaka ikiguswa na maji, na klorini ni gesi ya sumu. Vipi vikae majini kwa amani? Jibu ni kwamba ayoni si sawa na atomu. Chaji yake huigeuza tabia. Ndiyo maana samaki wetu hapa Kizingitini wanaogelea salama.

Sasa tuje penye mtego wa mtihani. Kwa nini elektroliti nyingine huitwa kali na nyingine dhaifu? Chukua mashua mbili zimefika gatini. Ya kwanza, abiria wote washuka. Ya pili, washuka wawili watatu, na kila wakishuka hawa, wengine wapanda tena. Ya kwanza ni chumvi au asidi ya hidrokloriki. Ya pili ni siki: katika siki ya kawaida, haifiki hata molekuli 1 ya asidi yake kati ya 100 iliyovunjika. Basi ukali hapa si wingi. Tone moja la asidi ya hidrokloriki katika ndoo ya maji bado ni elektroliti kali, lakini siki hata ujaze pipa ni dhaifu vilevile.

Arrhenius naye hakupata yote. Alidhani hata zile kali huvunjika kwa sehemu tu. Mwaka wa 1923 Peter Debye na Erich Hückel wakaonyesha kwamba huvunjika zote, ila ayoni zake huvutana humo majini.

Mwaka wa 1903 Arrhenius alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, Mswidi wa kwanza kuipata, tena kwa nadharia iliyochipuka katika tasnifu ile iliyodharauliwa. Alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Nawe mwenzangu uliyepata alama za chini muhula huu, usiitupe kalamu. Pengine kazi yako haijafika kwa Ostwald wako.