Mficha uchi hazai: Miaka saba ya Malkia Marie Antoinette

Maswali mengi mnayoniletea yanahusu mambo ya chumbani, na karibu yote huanza kwa kuomba radhi. Mwanamke anauliza kwa nini tendo la ndoa linamuuma. Mwanamume anauliza kama yeye bado ni mwanamume kamili. Wengine wana miaka miwili au mitatu ya ndoa na hawajaweza kulikamilisha tendo lenyewe hata mara moja, na siri hiyo wanaijua wao wawili tu. Kila mmoja anadhani jambo hili limempata yeye peke yake.

Leo sitajibu swali moja moja. Nitakusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake huenda umelisikia tangu shuleni, kwa kuwa ndani ya maisha hayo yamo maswali mengi ya aina hii. Huyo ni Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa aliyekatwa kichwa wakati wa mapinduzi. Wengi wanamkumbuka kwa mavazi na anasa. Mimi kama daktari namkumbuka kwa jambo jingine: aliishi katika ndoa kwa miaka saba bila ndoa hiyo kukamilika.

Watoto wawili, ndoa moja

Alizaliwa Vienna, Austria, Novemba 2, 1755, akiwa mtoto wa 15 kati ya watoto 16 wa Maria Theresa, mtawala mwanamke aliyeogopwa Ulaya nzima. Austria na Ufaransa zilikuwa zimepigana kwa miaka mingi, na ndoa yake ilipangwa ili kuimarisha urafiki mpya wa nchi hizo. Mei 16, 1770, katika kasri la Versailles, aliozwa kwa Louis, mjukuu wa Mfalme Louis wa 15. Bibi harusi alikuwa na miaka 14, bwana harusi 15.

Niseme wazi kabla ya kuendelea: umri huo ni wa utoto. Mwili haujakomaa, na akili haijawa tayari kwa mambo ya unyumba. Usiku ule kitanda chao kilibarikiwa na askofu mkuu mbele ya mfalme na wakubwa wa kasri, kisha wakaachwa. Hakuna kilichotokea, na hakikupaswa kutokea. Kosa lilikuwa la watu wazima waliowaweka pale.

Louis alikuwa kijana mwenye haya, mpenzi wa uwindaji na ufundi wa kufuli. Alikuwa yatima, baba yake alifariki akiwa na miaka 11 na mama yake akiwa na miaka 12. Mama wa Marie Antoinette alikuwa hai, lakini alikuwa mbali Vienna, na tangu siku ya kuagana hawakuonana tena. Kwetu pwani, binti huwa na somo wake wa kumfunda, na kijana ana wakubwa zake wa jandoni. Hawa wawili walizungukwa na watumishi kwa mamia, lakini hawakuwa na mtu mmoja wa kukaa nao na kuwaeleza mambo kwa lugha nyepesi.

Lawama zamwangukia mwanamke

Mwaka 1774 Louis wa 15 alifariki kwa ndui. Mjukuu wake akawa Mfalme Louis wa 16 akiwa na miaka 19, na mkewe akawa malkia akiwa na miaka 18. Kuanzia hapo tumbo la malkia likawa jambo la serikali. Balozi wa Austria aliwahoji watu wa ndani na kutuma ripoti Vienna, hata za siku zake za hedhi. Mama yake alimwandikia mara kwa mara akimwonya awe mpole, amvutie mumewe, aache kupanda farasi, asilale chumba cha peke yake. Shauri lolote lilikuwa la kumtaka mke ajirekebishe.

Agosti 1775 mke wa shemeji yake alijifungua mtoto wa kiume. Malkia alihudhuria uzazi huo kama desturi ilivyotaka. Alipokuwa akirudi chumbani kwake, wanawake wauza samaki waliokuwa wamefika kasrini walimfuata wakimpigia kelele kwamba na yeye azae. Aliingia ndani akalia. Mitaani nako vijikaratasi vya matusi vilisambaa: mfalme hawezi, kwa hiyo malkia lazima ana wanaume wengine.

Msomaji, badilisha majina na mahali, uone kama kisa hiki ni kigeni. Ni mara ngapi harusi haijatimiza mwaka na mawifi wameshaanza kuuliza? Ni wanawake wangapi wanazungushwa kwa waganga kutibiwa chango, ilhali mume hajapimwa hata mara moja? Kitaalamu, kwa wenzi wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume huchangia tatizo kwa karibu nusu yao, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Kumpima mke tu ni kufanya kazi nusu.

Waganga wa mfalme walisema nini

Uvumi ulisema mfalme ana tatizo la govi, yaani ngozi ya mbele ya uume kubana kiasi cha kushindwa kurudi nyuma. Tatizo hilo lipo kweli, na kwa mtu mzima linaweza kuleta maumivu wakati wa tendo. Alichunguzwa na daktari wa kasri, na mapema mwaka 1776 daktari mpasuaji kutoka Paris aliyeitwa Moreau naye alitoa maoni kwamba upasuaji si wa lazima.

Vitabu vingi vilivyoandikwa baadaye vilidai kwamba mwishowe mfalme alitahiriwa na ndipo mambo yakanyooka. Wanahistoria waliosoma kumbukumbu zake za uwindaji wanapinga. Enzi hizo hapakuwa na ganzi, na mtu aliyekatwa namna hiyo asingeweza kurudi juu ya farasi mara moja. Kumbukumbu hizo hazionyeshi mapumziko ya kidonda.

Kwa faida yako wewe mwenye tatizo hili leo: usilivumilie. Wengi hupata nafuu kwa krimu maalumu inayopakwa kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi wa daktari. Isipofaa, tohara kwa ganzi ni upasuaji mdogo, na kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kitu kimoja tu: baada ya tohara subiri wiki sita kabla ya kukutana na mwenzi wako.

Shemeji awasili

Aprili 1777 alifika Paris kaka mkubwa wa malkia, Joseph wa Pili, mfalme mkuu mwenzake Maria Theresa. Alisafiri kwa jina la bandia ili kukwepa sherehe. Alikuwa mwanamume aliyekwisha kuoa mara mbili na kufiwa na wake wote wawili. Wakati huo Louis alikuwa na miaka 22 na Marie Antoinette 21, sasa wakiwa watu wazima.

Joseph alifanya jambo ambalo kwa miaka saba halikufanywa na balozi wala mama. Alikaa na shemeji yake faraghani, akamuuliza moja kwa moja kinachotokea chumbani, akasikiliza. Aliyoyasikia alimwandikia mdogo wake Leopold bila kuficha. Kwa maelezo hayo, mwili wa mfalme ulikuwa na uwezo. Uume ulisimama vizuri, na alipata ndoto nyevu usingizini kama wanaume wengine. Shida ni kwamba alipoanza tendo alitulia tu bila kujongea, akaliacha kabla ya kufika mwisho, akamuaga mkewe na kulala. Aliamini amekwisha kutimiza wajibu. Mkewe naye hakujua kwamba kuna zaidi ya hapo.

Dada yake pia hakusalimika. Joseph alimkanya kwa kukesha kwenye kamari na kumkimbia mumewe, maana wakati mmoja alipokwenda kulala, mwenzake alikuwa bado mezani. Wote wawili walielezwa kwa lugha ya kueleweka, kisha Joseph akaondoka mwisho wa Mei. Agosti mwaka huo huo ndoa ilikamilika. Malkia alimwandikia mama yake akiwa na furaha tele. Desemba 19, 1778 alizaliwa binti yao, Marie Thérèse.

Fikiria msomaji: miaka saba ya machozi, na dawa ilikuwa mazungumzo.

Furaha fupi

Walipata watoto wanne kwa jumla, na katikati mimba ziliharibika. Mtoto wa kwanza wa kiume alizaliwa Oktoba 1781. Bibi yake Maria Theresa, aliyemsubiri kwa hamu, alikuwa amefariki karibu mwaka mmoja kabla. Binti mdogo, Sophie, hakufikisha mwaka. Mtoto yule wa kiume naye alifariki Juni 1789 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka saba, wiki chache kabla ya mapinduzi kulipuka.

Sitasema kwamba siri za chumbani ndizo zilizomwangusha malkia. Njaa, kodi na madeni ya serikali vilikuwa na nguvu zaidi. Lakini matusi yaliyozaliwa katika miaka ile saba hayakufa hata alipopata watoto. Watu walikuwa wamekwisha kuamini kwamba yeye ni mwanamke mchafu. Mumewe alikatwa kichwa Januari 21, 1793. Yeye aliposhtakiwa miezi tisa baadaye, waliongeza hata tuhuma chafu kuhusu mwanawe mwenyewe, na akawageukia akina mama waliokuwamo mahakamani wawe mashahidi wake. Aliuawa Oktoba 16, 1793, akiwa na miaka 37.

Ubebe nini kutoka hapa

Kwanza, kutojua si ugonjwa wala si aibu. Watu wazima wengi huingia kwenye ndoa wakiwa wamefundishwa kupika, kufua na kutunza nyumba, lakini hawajaelezwa mwili unavyofanya kazi. Wengine walimu wao ni video za simu, ambazo hazionyeshi maandalizi, mazungumzo wala ridhaa. Ulizeni mtu mwenye elimu na anayetunza siri.

Pili, tendo linalouma si la kuvumiliwa. Maumivu kwa mwanamke yanaweza kutokana na ukavu, maambukizi, makovu ya uzazi au ya ukeketaji, magonjwa ya kizazi, ama misuli ya uke kukaza yenyewe bila yeye kutaka. Hali hii ya mwisho mara nyingi huitwa ukaidi, na sivyo. Ina tiba ya mazoezi na ushauri, na wengi hupona. Mume anayelazimisha humwongezea mkewe hofu, na hofu huongeza kukaza. Wala ndoa haimpi mtu ruhusa ya kulazimisha.

Tatu, kwa wanaume. Kama uume bado unasimama wenyewe alfajiri lakini unagoma ukiwa na mwenzi wako, mara nyingi kiini ni hofu, uchovu au ugomvi wa ndani ya nyumba. Kama umepoteza nguvu hata za alfajiri, nenda ukapime sukari na shinikizo la damu, maana mishipa ya uume huweza kutoa taarifa mapema kabla ya moyo. Usikimbilie vumbi la Kongo wala vidonge vya kununua kwa siri. Vidonge vya nguvu za kiume vikichanganywa na baadhi ya dawa za maumivu ya moyo vinaweza kushusha presha ghafla na kuua.

Nne, kuhusu kusubiri mtoto. Wenzi wanaokutana mara kwa mara bila uzazi wa mpango wanapaswa kuchunguzwa baada ya mwaka mmoja. Kama mke ana miaka 35 au zaidi, miezi sita inatosha. Ila kama tendo lenyewe halijakamilika, msisubiri hata mwezi. Na mnapokwenda kliniki, nendeni wote wawili.

Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai, na kwa Marie Antoinette maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Yeye na mumewe walimpata mtu wa kumwambia baada ya miaka saba. Wewe una kituo cha afya karibu, una daktari aliyeapa kutunza siri yako. Na kabla ya hao wote, una mwenzi wako uliyelala naye jana. Anza naye usiku wa leo, taa ikiwa imezimwa kama unaona haya, lakini anza.