Kijana Aliyehesabu Wanyama wa Serengeti

Nyumbani kwetu, wilaya ya Serengeti, kazi yangu wakati wa likizo ni kuhesabu mbuzi jioni waingiapo zizini. Ni arobaini tu, lakini mara nyingi hunichanganya nikaanza tena. Kwa hiyo niliposoma habari za Bwana Michael Grzimek, sikushangazwa sana na ndege yake iliyopakwa milia kama punda milia, ambayo kila mtu huitaja. Nilishangazwa na subira yake.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1934. Baba yake, Dakta Bernhard Grzimek, alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Serikali ya kikoloni ilitaka kubadili mipaka ya Mbuga ya Serengeti, na hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika wanyama ni wangapi wala huhamia wapi. Basi baba na mwana, ambao walikuwa wamejifunza urubani, wakaja na ndege yao ndogo mwishoni mwa mwaka 1957.

Hesabu ilifanyika mwaka 1958. Waliigawa mbuga sehemu sehemu, kisha wakaruka chini chini kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, wakihesabu. Mstari ukiisha, waligeuza ndege wakaanza mwingine kando yake. Nami naijua kidogo raha ya kazi hiyo: ukishazama katika hesabu, kelele zote hunyamaza. Walipata wanyama 366,980. Naipenda ile 80 ya mwisho, maana mvivu angaliandika 367,000.

Walakini hesabu ilikuwa pungufu. Nyumbu waliandikwa 99,481, na mwaka 1961 wengine waliotumia picha zilizopigwa angani walipata zaidi ya 200,000. Mimi sioni aibu hapo. Mbuzi wangu hupita mlangoni mmoja mmoja. Nyumbu hawana mlango.

Bwana Michael hakuyajua hayo. Tarehe 10 Januari 1959, akiruka peke yake, ndege iligongana na tumbusi ikaanguka, akafa akiwa na miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu ya kazi yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Baba yake alifariki mwaka 1987, naye akazikwa pale pale kando ya mwanawe. Nyumbu wangali wanahesabiwa kwa ndege, kwa mistari ya kwenda na kurudi.