Maisha ya Johann Ludwig Krapf na Safari ya Maandiko Matakatifu katika Kiswahili

Katika madarasa yetu ya Kiswahili, jina la Johann Ludwig Krapf hutajwa kwa harakaharaka. Huelezwa kwamba alichapisha sarufi mwaka 1850 na kwamba kamusi yake ilitoka mwaka 1882, kisha ukurasa hugeuzwa. Nadra sana kuulizwa ni jambo gani lililomsukuma mwana wa mkulima kutoka Ujerumani kuketi Mombasa na kudodosa maneno ya Waswahili moja baada ya jingine. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha yake kwa kuzingatia swali hilo, maana jibu lake linatuhusu sisi tunaoisoma lugha hii leo.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa takriban nusu mwaka. Kitandani mlikuwa na Biblia, naye akaisoma, hasa masimulizi ya Agano la Kale. Alipopona, msimu wa mavuno ulikuwa umefika. Wavunaji walipokusanyika shambani, mtoto huyo aliwahadithia habari za Ibrahimu na wazee wengine wa kale kwa maneno yao wenyewe ya kila siku. Watu wakamwambia baba yake kuwa mwanawe huyo angekuwa mchungaji. Kwa maoni yangu, kazi yote aliyoifanya baadaye ilianzia pale shambani. Alikuwa amekwisha kutambua kwamba neno la dini halimfikii mtu mpaka livae lugha anayoitumia akiwa kazini na nyumbani.

Baada ya kupata mafunzo katika chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, alijiunga na Church Missionary Society na kutumwa Uhabeshi mwaka 1837. Huko alikaa katika ufalme wa Shewa, akajifunza lugha ya Waoromo, na kuazimia kuwapelekea Injili. Mwaka 1842 aliondoka kwa muda kwenda kuoa, na aliporudi na mkewe Rosine njia ilikuwa imefungwa. Katika kuhangaika huko walizaliwa mtoto wa kike jangwani, akafariki. Walimpa jina Eneba, yaani chozi. Ndipo Krapf alipofikiri kuwafikia Waoromo kutoka kusini, kwa kupitia pwani ya Waswahili.

Mwanzoni mwa mwaka 1844 alifika Unguja, ambako Sultani Seyyid Said alimpokea na kumpa barua ya utambulisho kwa magavana wake. Katika mwaka huo huo akafanya makao Mombasa. Hakusubiri aijue lugha barabara. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Msaidizi wake mkuu katika kazi hiyo alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa. Jambo hili linastahili kuzingatiwa. Mmisionari aliyekuja kwa nia ya kueneza Ukristo aliketi mbele ya hakimu wa Kiislamu ili afundishwe namna ya kueleza uumbaji wa dunia kwa Kiswahili fasaha. Milango mitatu ya kwanza ya tafsiri hiyo ilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la American Oriental Society.

Hata hivyo, furaha ya kazi hiyo haikudumu. Mwezi wa Julai 1844 homa iliingia nyumbani mwake. Rosine alijifungua mtoto wa kike, na tarehe 13 akafariki. Siku chache baadaye kitoto nacho kikamfuata mamaye. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi lao lingali huko hadi leo. Aliiandikia kamati yake London kuwaarifu kwamba sasa kuna kaburi la mmisionari katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo iwe ishara ya kazi iliyoanza, si ya kazi iliyoshindikana. Msomaji anaweza kuuona huo kuwa ushupavu au kuuona kuwa ugumu wa moyo. Lililo bayana ni kwamba alirejea kwenye tafsiri yake.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai kwa idhini ya wazee wa huko, wote wawili wakiwa na homa. Kutoka Rabai Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, naye Krapf akauona mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani, katika safari iliyowezeshwa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui. Wajuzi wa Ulaya walikataa kusadiki kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta. Fauka ya safari hizo, Krapf alitafsiri Injili ya Luka kwa Kirabai na Injili ya Marko kwa Kikamba.

Tukipima kazi yake kwa idadi ya waumini, mavuno yalikuwa haba mno. Miongoni mwa wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Afya ya Krapf ilidhoofika, na mwaka 1853 akarejea kwao. Alikuja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo chao Ribe, lakini hakukaa. Alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 26 Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka uliofuata.

Isichukuliwe kwamba tunamsifu bila kumhakiki. Krapf aliudharau Uislamu na mara nyingi aliwahukumu Waafrika kwa jicho la Ulaya. Alipochagua hati za Kirumi badala ya hati za Kiarabu, ambazo Waswahili walikuwa wakizitumia kuandikia tenzi zao kwa karne nyingi, miongoni mwa sababu zake ilikuwa kuzuia nguvu ya Uislamu. Uamuzi huo, ulioendelezwa na wengine baada yake, umetufanya wengi wetu tushindwe kuzisoma miswada za kale za lugha tunayodai kuibobea. Ilhali ni Krapf huyo huyo aliyepeleka Ujerumani miswada ya tenzi, ukiwamo Utenzi wa Tambuka, ikahifadhiwa huko.

Kinaya kikubwa zaidi kimo katika msamiati. Mkristo wa leo akitamka imani, dhambi, toba, rehema, malaika, nabii au sala, anatumia maneno yaliyokwisha kukomazwa na Waislamu wa pwani katika mazungumzo, mawaidha na tenzi. Maneno kama Mungu, mwokozi na utakatifu yana asili ya Kibantu. Mtafsiri hakuwa na budi kuokota kilichokuwa kikisemwa nyumbani na sokoni. Hata sasa, katika sala ya Baba Yetu, baadhi ya Wakristo huomba mkate na wengine huomba riziki. Anayesema mkate amelifuata neno la matini asilia, naye anayesema riziki amemkumbuka mtu ambaye chakula chake ni ugali au wali. Tofauti hiyo ndogo inabeba tatizo zima la nadharia ya tafsiri tunalolijadili darasani.

Biblia kamili ya Kiswahili haikutoka mkononi mwa Krapf. Ile ya Kiunguja ilikamilika mwaka 1891, ya Kimvita mwaka 1914, na tafsiri ya muungano ikatolewa mwaka 1952. Kiunguja kilipoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kimvita alichojifunza Krapf kilisukumwa kando. Kwa sababu hiyo, kamusi yake imebaki kuwa mojawapo ya ghala za maneno ya Mombasa ya karne ya kumi na tisa ambayo wazee wetu waliyasema bila kujua kwamba yanaandikwa.

Ni wajibu wetu, basi, tunapolitaja jina la Krapf, kulitaja na la Sheikh Ali bin Muhiddin pamoja nalo. Mmoja alikuwa na kalamu na mwingine alikuwa na lugha. Bila huyo wa pili, yule kijana aliyewahadithia wavunaji wa Derendingen asingekuwa na neno hata moja la kuwaambia watu wa Mombasa.