Imam Ghazali: Haki, msamaha na furaha kwa aliyekimbia cheo

Wapo maulamaa ambao sisi Waislamu wa mijini tunawataja sana kuliko tunavyowasoma, na nadhani Imam Abu Hamid Muhammad al-Ghazali ndiye anayeongoza. Jina lake halikosekani katika mawaidha, na hata mtu ambaye hajapata kuifungua Ihyaa Ulumid-Din atakwambia upesi kwamba huyo ndiye Hujjatul Islam. Lakini muulize mtu huyo huyo Imam alisema nini juu ya fedha za watawala, au juu ya Muislamu anayemtangaza mwenzake kuwa kafiri, au juu ya mtoto wa madrasa anayetaka kucheza. Hapo utaona kimya. Basi leo, ndugu msomaji, naomba tumtazame kwa upande huo, maana naona ndio upande tunaouhitaji zaidi.

Alizaliwa Tus, katika Khurasan, kaskazini mashariki ya nchi inayoitwa leo Iran, mwaka 450 Hijria, sawa na 1058. Baba yake alikuwa msokotaji wa sufi, mtu wa kipato kidogo aliyependa kukaa karibu na wanazuoni bila ya yeye mwenyewe kuwa na elimu. Alipohisi kifo kinamjia aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja mcha Mungu pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo. Akiba ikaisha. Yule rafiki hakuwa na kitu, akawashauri vijana wajiunge na madrasa ili angalau wapate chakula. Yaani Imam mkubwa huyu alianza kusoma kwa sababu ya njaa! Baadaye hakulificha hilo. Alikiri kwamba waliitafuta elimu kwa lengo lisilokuwa Mwenyezi Mungu, lakini elimu yenyewe ikakataa isipokuwa iwe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Kipo kisa mashuhuri cha ujana wake. Akirudi kutoka Jurjan alikokwenda kusoma, majambazi waliuvamia msafara na kuchukua kila kitu, pamoja na madaftari aliyoandika masomo yake. Akawafuata nyuma kumsihi mkuu wao amrudishie yale makaratasi tu, kwa kuwa ndiyo elimu yake. Jambazi akamcheka: elimu gani hiyo inayoibika? Akamrudishia. Ghazali alilichukua neno lile kama somo kutoka kwa Mola wake, akakaa Tus miaka mitatu kuhifadhi kila alichokuwa amekiandika. Wengi tunakihadithia kisa hiki kwa ajili ya kuhimiza hifadhi. Mimi kinachonigusa ni kwamba alikubali kufundishwa na mwizi.

Kisha akaenda Nishapur kwa Imamul Haramayn al-Juwayni, akawa naye mpaka mwalimu alipofariki mwaka 1085. Kutoka hapo alipanda haraka. Waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, Nizamul Mulk, alimteua mwaka 1091 kuongoza madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad, naye hajafika hata miaka 35. Wanafunzi wake walifika mia tatu. Mavazi ya fahari, heshima ya khalifa, fatwa zake zinasubiriwa.

Halafu mwaka 1095 sauti ikakatika.

Hilo amelieleza mwenyewe katika kitabu chake Al-Munqidh minad-Dhalal. Alipojichunguza nia yake katika kufundisha aliona ni kutafuta cheo na sifa. Kwa muda wa karibu miezi sita, kuanzia Rajab mwaka 488 Hijria, akawa anavutwa huku na huku: asubuhi anaazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Mwisho ulimi wake ukafunga, akawa hawezi kutamka neno darasani, chakula hakipiti, na matabibu wakakata tamaa wakisema ugonjwa huu umeingia moyoni. Akagawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akaondoka Baghdad akisema anakwenda Makka ilhali anakusudia Sham, asije akazuiwa. Kiti chake akakikalia ndugu yake Ahmad.

Hapa ndipo mlango wa haki unapofunguka. Akiwa Palestina, penye kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.) mjini Khalil, aliweka ahadi tatu: hatahudhuria mbele ya mtawala yeyote, hatapokea mali ya mtawala, na hataingia tena katika mijadala ya kushindana. Ahadi hizi hazikuwa za mtu aliyechoka na dunia tu. Zilikuwa na hoja nyuma yake, na hoja hiyo imo katika Ihyaa, katika kitabu cha halali na haramu. Anaitazama mali ya masultani wa zama zake kama mkaguzi wa hesabu: imetoka wapi? Kodi zisizo na msingi katika sharia, mali za kunyang'anya, rushwa. Ya halali anaiona ni chache mno. Kwa hiyo mwanachuoni anayepokea marupurupu hawezi kusema kwamba yeye amepewa tu, hakuiba. Na tena, anasema, akishapokea itambidi aende kushukuru, akienda itambidi asifie, akisifia atakuwa ameshiriki katika dhulma. Hali iliyo salama kuliko zote ni kutowaona wala wao wasikuone.

Je, huku si kujitoa katika jamii? Wapo wanaomshutumu hivyo. Lakini hebu tuangalie alivyofanya alipoitwa. Baadaye, akiwa Khurasan, mahasidi walikichukua kitabu alichokiandika ujanani, chenye maneno makali juu ya Imam Abu Hanifa (r.a.), wakamshitaki kwa mtawala Sanjar, ambaye alikuwa Mhanafi. Ghazali aliandika kuomba asilazimishwe kufika, akiitaja ile ahadi ya Khalil. Haikusaidia, akaitwa. Mtu mwingine angetumia nafasi ile kujitetea tu na kuondoka salama. Yeye alijitetea kwa maneno machache kuhusu Abu Hanifa, lakini alizungumza pia juu ya watu wa Tus: kwamba baridi na ukame umewaharibia nafaka, miti ya miaka na miaka imekauka, na juu ya hayo bado wanadaiwa kodi. Akamkumbusha mtawala kwamba shingo za waumini zinavunjika kwa mzigo wakati shingo za farasi wake zimevishwa dhahabu. Maneno kama haya huwezi kuyatamka ikiwa bahasha ya mtawala imo katika kanzu yako.

Tuje kwenye msamaha. Katika Ihyaa kipo kitabu kizima juu ya hasira, chuki na husuda, na mimi nashauri kisomwe kabla ya kila mkutano wa kamati ya msikiti. (Msikiti mmoja ninaoufahamu, watu wazima waliacha kutoleana salamu kwa zaidi ya mwaka kwa sababu ya nani ashike ufunguo wa ofisi.) Imam hasemi kwamba hasira ni haramu. Asiyekuwa na hasira kabisa ni mpungufu, maana hataweza kulinda heshima ya mkewe wala dini yake. Hasira ni kama mbwa wa mawindo: akifunzwa na kutii ni msaada, asipofunzwa atamng'ata mwenye nyumba. Na msamaha kwake una sharti: uwe na haki mkononi, uweze kuidai, kisha uiache. Mtu asiye na uwezo wa kulipiza akanyamaza huku anatokota moyoni huyo hajasamehe, amelimbikiza chuki tu.

Juu ya husuda ana uchunguzi unaouma. Husuda, anasema, huzaliwa pale watu wanapogombea kitu kimoja. Fundi viatu humhusudu fundi viatu, hamhusudu muuza nguo. Na mwanachuoni humhusudu mwanachuoni. Lakini elimu ya kumjua Mwenyezi Mungu haipungui kwa kujulikana na wengi, bahari haijai kwa waogeleaji. Basi masheikh wakihusudiana, ujue wanachogombea si elimu, ni nafasi katika nyoyo za watu.

Nalo hili lisisahauliwe: msamaha haukufanywa kichaka cha madhalimu. Katika kitabu cha toba anatenganisha dhambi baina ya mja na Mola wake, ambayo msamaha wake uko karibu, na haki za waja wenzetu. Aliyekula mali ya mtu airudishe. Aliyemtukana mtu amwendee. Aliyedhulumu wengi asiowajua atoe sadaka na azidishe mema, maana siku ya hisabu watamdai. Hakuna wa kuwasamehea kwa niaba yao.

Alipobanwa mwenyewe na waliodai kwamba ameingia katika ukafiri, aliandika Faysalut-Tafriqa. Kitabu kidogo, lakini laiti tungekigawa milangoni mwa misikiti. Anataka ulimi uzuiwe dhidi ya watu wa kibla maadamu wanashikamana na shahada bila kuipinga. Katika Al-Iqtisad amefika mbali zaidi: kukosea kwa kuwaacha hai makafiri elfu ni kwepesi kuliko kukosea kwa kumwaga damu ya Muislamu mmoja. Na hakuishia kwa Waislamu. Wasiofikiwa na habari za Mtume (s.a.w.), na wale waliofikiwa na uongo tu juu yake tangu utotoni, anawahesabu kuwa wana udhuru, na akawataja wengi katika Warumi na Waturuki wa zama zake kwamba anatarajia rehema itawafikia.

Sitaki nimpambe kupita kiasi. Mtu huyu huyu, katika Tahafutul Falasifa, aliwahukumu wanafalsafa ukafiri katika mambo matatu, na kabla hajaondoka Baghdad aliandika kitabu kikali dhidi ya Mabatini kwa agizo la khalifa Mustadhhir. Ukikisoma unamwona msomi wa ikulu akifanya kazi ya ikulu. Pia Baytul Maqdis, alikopata kukaa kwa ibada, ilitekwa na Wapiganaji wa Msalaba mwaka 1099 na watu wake wakachinjwa, na katika vitabu vyake humwoni akilizungumza. Wamemtetea kwa njia nyingi. Mimi kimya kile bado kinanitatiza. Wataalamu wa hadithi nao wamemlaumu, na kwa haki, kwa hadithi dhaifu zilizomo katika Ihyaa. Hafidh al-Iraqi alifanya kazi kubwa ya kuzichambua moja moja, na nakala nyingi leo huchapwa na maelezo yake.

Imebaki furaha, jambo ambalo wengi hawalitarajii kwa mtu wa zuhdi. Alikiandika Kimiyaus Saada kwa Kiajemi, ili wasiojua Kiarabu wapate. Hoja yake ni nyepesi. Kila kiungo kina ladha yake: jicho katika sura nzuri, sikio katika sauti nzuri, na moyo ladha yake ni kujua. Mtu akijua mchezo wa sataranji tu, ukimkataza asiseme hawezi kunyamaza kwa furaha. Akijua siri za waziri hufurahi zaidi, na za mfalme zaidi tena. Basi itakuwaje furaha ya anayemjua Aliyewaumba wote?

Wala furaha hii haikuwa ya maneno tu. Walipokuja watu wa kukunja uso, alisimama na ile hadithi sahihi ya Wahabeshi waliocheza msikitini siku ya Idi huku Mtume (s.a.w.) akimsimamisha Bibi Aisha (r.a.) atazame. Furaha ya harusi, ya akika, ya msafiri aliyerudi, akaiona ina nafasi yake. Na kwa walimu wetu wa madrasa: ameandika kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri, kwa sababu kumzuia na kumbana na masomo daima kunaua moyo wake na kuzima akili yake. Najua wapo watakaonuna hapa. Wakanunie Ihyaa.

Kitabu hicho kilichomwa moto hadharani mjini Cordoba mwaka 1109, kwa amri ya Murabitun, na yeye yu hai. Hakikufa. Masharifu wa Hadhramaut walikishika kwa mapenzi makubwa, nao waliokuja kuishi pwani yetu ya Afrika Mashariki walikuja na mapenzi hayo.

Mwisho wake ulikuwa Tus, nyumbani, pembeni ya chuo kidogo alichokijenga, baada ya kurudi kufundisha Nishapur kwa muda kuanzia 1106. Ilikuwa Jumatatu, 14 Jumadal Akhir mwaka 505, ambayo ni Desemba 18, 1111. Ndugu yake Ahmad amesimulia kwamba alfajiri alitawadha na kuswali, akaomba aletewe sanda yake, akaibusu, akaiweka machoni na kutamka kwamba amesikia na ametii kuingia kwa Mfalme. Akanyoosha miguu, akaelekea kibla. Alifariki kabla ya jua kupanda, akawaacha mabinti tu.