John von Neumann: Aliyeonyesha kuwa mashine inaweza kujizalisha

Kuku hutaga yai, na yai huwa kuku. Hakuna anayeshangaa. Lakini kiwanda cha magari hutoa magari tu, hakitoi kiwanda kingine. Je, mashine inaweza kujenga mashine nyingine kama yenyewe, nayo ikajenga nyingine? Mtu aliyelifanya swali hili kuwa hesabu ni John von Neumann.

Kutoka Budapest hadi Princeton

Alizaliwa Budapest, Hungary, 28 Desemba 1903, katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Baba yake alikuwa mtu wa benki. Mwaka 1926, akiwa bado kijana wa miaka 22, alipata udaktari wa hisabati Budapest, huku akiwa amesomea pia uhandisi wa kemia Zürich.

Mwaka 1930 alihamia Princeton, Marekani, na mwaka 1937 akapata uraia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishiriki kutengeneza bomu la atomiki. Mwaka 1945 akaandika ripoti kuhusu kompyuta ya EDVAC, akieleza kuwa maagizo ya kompyuta yahifadhiwe kwenye kumbukumbu ileile inayotunza data. Yaani maagizo nayo ni kitu cha kusomwa na kunakiliwa. Wazo hilo ndilo lililomsaidia baadaye.

Mtego wenyewe

Kwa kawaida kinachotengenezwa huwa rahisi kuliko kinachokitengeneza. Mashine ya kutengeneza skrubu ni ngumu kuliko skrubu. Kwa hiyo mashine ikizaa, kila kizazi si kitazidi kuwa duni?

Halafu kuna tatizo la ramani. Mashine ikibeba ramani yake kamili, ramani hiyo lazima ionyeshe na ramani iliyo ndani yake, nayo ionyeshe nyingine. Hapo hakuna mwisho.

Mwaka 1948, kwenye mkutano Pasadena, California, alieleza njia ya kutoka. Kumbe dawa ni kuitumia ramani mara mbili. Mara ya kwanza inasomwa kama maagizo, na mashine inajenga mwili mpya. Mara ya pili haisomwi maana yake kabisa, inanakiliwa tu kama karatasi kwenye fotokopi, kisha nakala anapewa mtoto. Basi, mtego umeteguka.

Aliona pia kwamba kosa likiingia kwenye ramani, litarithiwa. Na mashine ikishavuka kiwango fulani cha ugumu, inaweza hata kuzaa iliyo bora kuliko yenyewe.

Miaka mitano baadaye, 1953, Watson na Crick walieleza umbo la DNA. Wanasayansi wakaja kujua kuwa seli hufanya vivyo hivyo: DNA husomwa ili kutengeneza protini, na hunakiliwa seli inapogawanyika.

Kazi iliyobaki mezani

Kwa ushauri wa rafiki yake Stanislaw Ulam, von Neumann alianza kuchora mashine yake kwenye uwanja wa miraba, kila mraba ukiwa na hali 29. Hakumaliza. Saratani iligundulika mwaka 1955, na 8 Februari 1957 alifariki Washington akiwa na miaka 53.

Arthur Burks alikamilisha maandishi yake na kuyachapisha mwaka 1966. Mwaka 1995 Umberto Pesavento alichapisha muundo wa mashine hiyo unaofanya kazi ndani ya kompyuta, baada ya kuongeza kanuni kidogo.

Na ya chuma je? Mwaka 2008 printa ya RepRap, iliyobuniwa Uingereza, ilichapisha sehemu za plastiki za printa nyingine kama yenyewe. Lakini mota, skrubu na nyaya zililetwa na watu, na watu ndio walioiunganisha.

Kwa hiyo upande wa hesabu, von Neumann alishamaliza ubishi: inawezekana. Kilichobaki ni kazi ya mafundi.