Firauni Ramesses na Mgongo Usiopindika

Katika wafalme wote waliotawala Misri ya kale, hakuna aliyevuma kama Ramesses wa Pili. Wako wasemao kwamba yeye ndiye yule Firauni aliyeshindana na Nabii Musa, alayhi salaam. Kurani Tukufu haikumtaja Firauni huyo kwa jina lake, na wataalamu wa historia hawajaafikiana, basi hilo tuwaachie wenye elimu yao. Sisi leo twamzungumza Ramesses kwa jambo jingine, nalo ni mgongo wake.

Ramesses alikuwa mwana wa mfalme Seti wa Kwanza. Alikalia kiti mwaka 1279 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, naye angali kijana. Katika mwaka wa tano wa utawala wake alipigana na Wahiti huko Kadesh, nchi ambayo leo ni Syria, akaponea chupuchupu. Vita vile havikuwa na mshindi wa haki, lakini aliporudi kwao aliamuru ushindi wake uchorwe katika kuta za mahekalu. Baadaye alifanya suluhu na Wahiti, na mkataba wao ni miongoni mwa mikataba ya amani ya kale kabisa ambayo maandishi yake yapo mpaka leo. Alijenga Abu Simbel, akamtukuza mkewe Nefertari, akazaa watoto wapatao 100.

Alitawala miaka 66. Aliishi hata akawazika wanawe wakubwa mmoja baada ya mwingine, na Merneptah aliyemrithi alikuwa mwanawe wa 13. Alipofariki mwaka 1213 umri wake ulikuwa kama miaka 90.

Makaburi ya wafalme yalipoanza kuvunjwa na wezi, makuhani waliuhamisha mwili wake na kuuficha. Ukaonekana mwaka 1881, ukafunuliwa sanda mwaka 1886, na mwaka 1976 ukapelekwa Paris kutibiwa ukungu uliokuwa ukiula. Mwaka 2021 ulihamishiwa jumba jipya la makumbusho mjini Cairo.

Picha za eksirei zilipopigwa, zilionyesha meno mabovu, mishipa ya damu iliyokakamaa na pingili za mgongo zilizoshikana. Kwanza madaktari walidhani ni ule ugonjwa unaowashika vijana na kuanzia kwenye maungo ya nyonga. Mwaka 2004 wataalamu walizitazama upya picha zile, wakaona maungo hayo hayakuungana. Wakakata shauri kwamba ni maradhi mengine, yale ambayo kwa kifupi huitwa DISH. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulikubaliana nao, na ukayakuta maradhi hayo hayo kwa mwanawe Merneptah.

Maradhi haya yalielezwa waziwazi mwaka 1950 na Jacques Forestier wa Ufaransa pamoja na mwenzake Rotés-Querol. Kano zinazopita mbele ya uti wa mgongo hugeuka mfupa kidogo kidogo, mfupa huo ukateremka juu ya pingili nne au zaidi kama nta ya mshumaa unaowaka. Huwapata zaidi waliopita miaka 50, wanaume kuliko wanawake, na huandamana sana na unene na kisukari. Mtu huamka asubuhi mgongo ukiwa kama ubao. Mfupa ukiota shingoni, hata tonge humpita kwa taabu. Wengine hawasikii maumivu yoyote. Lakini mgongo ulioshikana hauna unyumbufu tena, na kuanguka kidogo tu kwaweza kuuvunja.

Msomaji atauliza: ya Misri yatuhusu nini? Panda gari hapa Mombasa, uingie Makueni, upite Mtito Andei na Kibwezi, kisha uvuke mpaka Kitui. Huko utawakuta wazee walioinama, na kina mama wenye mitungi ya maji mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Ni rahisi kusema kwamba mzigo ndio uliowavunja, au kwamba huo ni uzee tu. Tena nchi ile ni kavu, na baadhi ya visima vyake virefu hutoa maji yenye floridi nyingi kupita kiasi kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Floridi ikizidi kwa miaka mingi hufanya meno yawe ya kahawia, na yaweza kukakamaza kano za mgongo kwa namna inayofanana na DISH. Huyu dawa yake ni kubadili maji, na yule ni mazoezi, kupunguza uzito na kuangalia sukari. Atakayewachanganya atamnyima mmoja wao haki yake.

Hata huku kwetu wapo wazee wanaoshindwa kurukuu na kusujudu, wakaona haya kuomba kiti msikitini. Dini imemruhusu asiyeweza aswali ameketi, basi haya hiyo haina maana. Ila mzee huyo asiachwe hivyo hivyo kwa neno la uzee, apelekwe hospitali apigwe picha.

Ramesses alikuwa na matabibu wote wa Misri, wala hawakujua lililomshika. Imebidi ipite miaka zaidi ya 3,000. Mzee wa Kitui, au wa Lamu, hana haja ya kungoja hivyo.